Gari Jipya Katika Handaki la Wazee

Wazee wetu walipoliona kwa mara ya kwanza walilipa jina la gari la moshi, na jina likadumu hata baada ya moshi wenyewe kwisha. Basi ndugu msomaji, leo nataka kukupa habari za gari la moshi lisilo na moshi wala makaa, lipitalo chini ya ardhi ya mji wa Tokyo, huko Japani, katika njia iitwayo Ginza. Ni gari la umeme, la kisasa, lililoanza kuchukua abiria tarehe 11 Aprili 2012. Lakini ukiliona likichomoza kizani na umanjano wake, na paa lake la hudhurungi, utadhani ni gari lililokuwa lifike mwaka 1927 likachelewa njiani.

Sababu ni kwamba mafundi wamelivisha nguo za babu yake. Hata namba ya aina yake, 1000, ni ya babu.

Babu huyo ana historia ya kusimuliwa barazani. Palikuwa na bwana mmoja akiitwa Hayakawa Noritsugu, aliyezaliwa mwaka 1881. Mwaka 1914 alikwenda London, akaona watu wakiteremka ngazi, wakimezwa na ardhi upande huu na kutapikwa upande wa pili, wazima. Aliporudi kwao akanena kwamba Tokyo nayo yafaa ipate njia kama hiyo. Watu wakamcheka. Inasimuliwa kwamba alikuwa akisimama njia panda na maharagwe mfukoni, akiwahesabu wapitao kwa punje, apate kujua ni wapi penye abiria wengi. Kisha likaja tetemeko kubwa la tarehe 1 Septemba 1923, likauangusha mji na kuuteketeza. Mtu mwingine angelikunja jamvi lake. Yeye alianza kuchimba mwaka 1925, na tarehe 30 Desemba 1927 ikafunguliwa njia kutoka Ueno hadi Asakusa, kilomita 2.2 tu, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya chini ya ardhi katika Asia. Watu walipanga foleni hata saa mbili kwa safari ya dakika tano. Nauli ilikuwa sen 10, unaitia mwenyewe katika mtambo wa mlangoni, nao unakupisha.

Magari yake ya kwanza yalikuwa ya chuma kitupu, kwa kuhofia moto, na rangi ya manjano iliigwa kutoka magari ya Berlin. Ndani yalionekana kama yamepambwa kwa mbao, lakini ilikuwa ni chuma kilichopakwa rangi kikachorwa mishipa ya mti! Behewa namba 1001 lipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la reli mtaani Kasai, na mwaka 2017 serikali ya Japani ililitangaza kuwa mali muhimu ya utamaduni.

Sasa tuingie handakini, maana huko ndiko penye maneno. Handaki la Hayakawa halikutobolewa kwa kina kama la panya buku. Walichimba barabara kwa juu, wakajenga, kisha wakafunika. Kwa hiyo ni jembamba, liko karibu na uso wa ardhi, na linafuata kona za mitaa iliyo juu yake. Hapana nafasi ya kutandika waya wa umeme darini, kwa hiyo umeme wa volti 600 hupitishwa katika reli ya tatu iliyo ubavuni. Mabehewa nayo lazima yawe mafupi: kila moja ni mita 16, ilhali njia nyingi za mji huo hutumia mabehewa ya mita 20. (Upana kati ya reli na reli ni milimita 1,435, sawasawa na reli yetu mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Hapo hatukuzidiwa.) Handaki hilo huwezi kulitanua. Juu yake pana mabenki na maduka ya dhahabu, na pembeni mwake pana misingi ya majumba.

Mimi ni mtu wa mashairi, nikasema hii ni mizani. Mshairi wa kwetu amepewa mizani kumi na sita katika mshororo, nane ukwapi na nane utao, na kina chake kila upande. Mstari huo aliupimwa na waliomtangulia. Wako vijana wanionao njiani wakaniambia kwamba mizani ni pingu, ati mawazo ya leo ni mapana, hayaingii humo. Sibishani nao barazani kwa sababu sauti zao ni kubwa kuliko yangu. Lakini ningependa wayatazame waliyoyafanya mafundi wa Ginza humo mlimo finyu.

Kwanza ni zile kona. Gari la kawaida lina magurudumu manne katika kila fremu, kwenye ekseli mbili zilizofungwa sambamba. Likifika penye kona kali, ekseli hazipindi, gurudumu linakwaruza chuma, na ule mlio wake unakata meno. Katika gari hili jipya, ekseli moja ya kila fremu imeachiwa ijipinde kidogo kulifuata pindo la reli, kama mguu wa mtu ageukaye. Pili ni mota. Zimefanywa za sumaku ya kudumu, zimefunikwa gubigubi, hazipigi kelele wala hazili umeme mwingi. Bodi ni ya alumini. Tena limetiwa betri, ili umeme wa reli ukikatika gari lijikokote mpaka stesheni iliyo karibu, watu wasibaki kizani. Mimi nililipanda kutoka Asakusa, tukapita kona hadi kona, na bibi aliyeketi mbele yangu alikuwa amelala, kichwa hakimwanguki. Mwaka 2013 chama cha wapenzi wa reli nchini humo kilitunuku gari hili Utepe wa Buluu, na halikuwahi gari la chini ya ardhi kuipata tuzo hiyo kabla yake.

Kwa hiyo mimi sioni kuwa ile rangi ya manjano ndiyo heshima. Rangi ni rahisi, hata tapeli huvaa kanzu. Heshima ni kulichukua handaki la mzee kama alivyoliacha, na kulitibu lile lililokuwa likimtesa yeye na abiria wake.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo lilinipa mawazo. Zamani, gari likipita mahali ambapo reli ya umeme imekatika, kama penye njia panda za reli, taa zote zilizimika kwa nukta chache, na kitaa kidogo cha ukutani kikawaka peke yake. Ilikuwa ni ila, na mafundi waliiondoa. Basi mwaka 2017, njia ilipotimiza miaka tisini, katika magari arobaini ya aina hii mawili yalipambwa ndani kwa namna ya kale: kuta za mfano wa mbao (yaani mfano wa ule mfano!), vishikio vya rangi ya shaba, na vile vitaa vya ukutani. Katika safari za sherehe huzima taa kubwa makusudi, vitaa vikawaka. Wako watakaosema huu ni mchezo wa watoto. Mimi nasema mtu aliyepelekwa shule na mamaye katika giza lile hawezi kuliona ni mchezo.

Na Hayakawa mwenyewe? Njia yake ilifika Shimbashi mwaka 1934. Upande wa pili, kutoka Shibuya, alikuja tajiri mwingine, Goto Keita, na njia yake, naye akafika Shimbashi mwaka 1939. Hawakupatana. Kwa miezi minane pakawa na stesheni mbili za Shimbashi chini ya ardhi, ukuta katikati, abiria wakishuka huku na kutembea kwenda kupanda kule. Mwezi wa Septemba njia ziliunganishwa, lakini Hayakawa aliondoshwa katika uongozi, mwaka 1941 njia ikatiwa katika shirika la umma, na mwaka 1942 akafariki dunia. Sanamu yake ya kichwa na mabega imewekwa katika stesheni ya Ginza, na watu huipita mbio.

Ile stesheni ya Shimbashi ya mpinzani wake ingaliko nyuma ya ukuta, haina abiria. Gari la manjano huipita, likaendelea hadi mwisho wa njia, kilomita kama 14 kutoka Asakusa. Na kwa kuwa Shibuya iko bondeni, gari hili la chini ya ardhi hutokeza nje, na mpaka mwisho wa mwaka 2019 lilikuwa likiingia stesheni ya Goto ghorofa ya tatu, limevaa nguo za Hayakawa.