Salvia Yetu Twaing'oa, ya Wageni Twaipalilia

Atajapo mtu jina la Sachangwan, aghalabu fikira za msomaji hukimbilia msiba wa tarehe 31 Januari 2009, siku ambayo lori la mafuta lililokuwa limepinduka lilishika moto na kuangamiza roho za watu zaidi ya mia moja. Ni haki tuukumbuke. Hata hivyo, mahali hapo pana mengine yanayostahili wino, na leo nimechagua moja ambalo huenda likaonekana dogo mno kwa ukurasa huu: je, ni ua gani linaloweza kumea kivulini katika nyanda zile za baridi, likadumu mwaka baada ya mwaka bila kupandwa upya?

Swali hili nimeulizwa na walimu zaidi ya mmoja. Shule nyingi za sehemu za Sachangwan, Molo na Mau Summit zimezungushiwa misaiprasi, miti ambayo asili yake ni Meksiko, nayo huzuia upepo vizuri sana. Lakini chini yake udongo hubaki mtupu. Mvua ikinyesha, maji huukokota hadi mlangoni mwa darasa, na wanafunzi hupewa fagio waukombe. Mwaka unaofuata ni yale yale.

Vitabu vya ukulima wa maua vina jibu: pandeni salvia. Jamii hii ina aina zipatazo elfu moja duniani, nayo ni ya ukoo mmoja na mrehani na nanaa. Mwanafunzi ataitambua kwa shina lake lenye pembe nne, majani yanayonukia yakisuguliwa na ua lenye midomo miwili. Tatizo ni kwamba kitabu hakisemi salvia ipi. Ile ya jikoni, ambayo Wazungu hutia katika nyama, ni mzaliwa wa pwani za Mediterania. Hupenda jua kali na udongo usiotuama maji, na kivulini hunyong'onyea. Ile nyekundu inayopandwa mbele ya ofisi za wakuu ilitoka Brazili. Hupendeza, sikatai, lakini baridi kali huiua, na shule hulazimika kununua miche mingine.

Tena vitabu hivyo viliandikwa na Waingereza kwa ajili ya Waingereza. Kwao, mmea mvumilivu ni ule unaostahimili theluji. Sisi wa Sachangwan tuna jalidi ya alfajiri, mvua ya mawe na kiangazi cha Januari na Februari, ambacho huukausha udongo ukawa unga. Kwao, ukuta unaotazama kaskazini huwa kivulini karibu mwaka mzima, na mtu akiambiwa "panda upande wa kaskazini" ameambiwa jambo la maana. Sachangwan iko karibu mno na Ikweta. Ukiendelea na barabara hiyo hiyo kuelekea Eldoret utaivuka. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini, na ukuta wa darasa unaotazama kusini hukaa kivulini. Miezi sita inayofuata mambo hugeuka: wa kusini hupata jua, wa kaskazini hupoa. Kivuli chetu, basi, huhama. Mmea wa kudumu utakaokaa ukutani hapo hauna budi kuvumilia nusu mwaka wa jua na nusu mwaka wa kivuli, na hakuna kitabu cha London kitakachomwambia mwalimu hivyo.

Mmea wa namna hiyo tunao. Wataalamu huuita Salvia nilotica, yaani salvia ya Mto Naili, nao humea katika nyanda za juu kuanzia Ethiopia hadi Zimbabwe: kwenye nyasi, pembezoni mwa misitu na kando ya barabara. Majani yake yana mikunjo na kingo za meno. Maua ni madogo, ya zambarau au waridi, pengine meupe, yamejipanga duara duara kulizunguka shina. Shina hilo likivunjwa au kukauka, shina la chini ya udongo lililo gumu kama mti huchipua jingine. Mmea uliozoea kuishi pale msitu unapokutana na uwanda umezoea vyote viwili, kivuli na jua. Huo ndio uvumilivu tunaouhitaji sisi.

Nao tunaufanyaje? Katika shule moja niliyowahi kuitembelea nyanda hizo, niliwakuta wanafunzi waliochelewa wakiadhibiwa kwa kung'oa "magugu" ukingoni mwa mtaro. Nusu ya rundo lile ilikuwa salvia hii, imechanua. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na kitalu cha salvia ya Brazili, kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na mtoto mwingine alikuwa akikinyweshea maji kwa mkebe. Sikusema kitu, kwa kuwa nilikuwa mgeni. Lakini mtoto yule aliyeadhibiwa alifunzwa somo siku ile: kwamba kinachomea chenyewe hapa kwetu ni uchafu, na kinachonunuliwa ni ua. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 humtaka mwanafunzi ajifunze kutokana na mazingira yake. Sijui kama mazingira hayo yanaweza kuwa karibu zaidi ya mtaro wa shule.

Kuipanda si kazi ngumu. Subirini mvua ndefu zishike, si matone ya kwanza yanayodanganya. Chimbeni kipande chenye mizizi na vichipukizi viwili vitatu kutoka katika shamba lenu au ukingo unaolimwa, si kutoka msitu wa serikali, na mbakishe sehemu kubwa mahali pake. Kateni mashina yabaki mafupi ili majani yasinyonye maji ambayo mizizi haijaweza kuyaleta. Pandeni kwa nafasi ya futi moja au zaidi kidogo, tieni samadi iliyooza na matandazo, kisha mnyweshee mpaka muone majani mapya. Maua yakiisha, pogoeni.

Chini ya misaiprasi yenyewe ni lazima niseme ukweli. Pale penye giza totoro hapataota salvia wala kitu kingine, maana mizizi ya miti hiyo hunywa maji yote ya juu. Kateni kwanza matawi ya chini ili mwanga upenye, mwanzie pembezoni na mwende ndani polepole. Isitoshe, salvia hii hutambaa. Isipowekewa mpaka kwa jembe kila mwaka itaingia katika mboga. Anayetaka ua kubwa la kumeremeta atafute jingine. Hili ni ua la nyuki.

Na nyuki huyo ana la kuwafunza wanafunzi. Katika salvia nyingi, chavua hukaa kwenye wenzo mdogo ndani ya ua: nyuki akisukuma kichwa kutafuta asali, wenzo huinama na kumpaka chavua mgongoni. Mwalimu wa sayansi aweza kuonyesha hilo kwa ncha ya penseli. Mwalimu wa Kiswahili naye asiachwe nyuma. Nduguye mmea huu, Salvia merjamie, anayemea pia katika milima yetu, alipewa jina hilo na Peter Forsskål, mwanasayansi aliyefia Yemeni mwaka wa 1763. Asili ya jina ni neno la Kiarabu la salvia, mariamia, ambalo limebeba jina la Mariamu. Wanafunzi wawaulize mabibi na mababu zao majina ya mimea ya kando ya njia kwa Kikalenjin na kwa Kikikuyu, wayaandike kabla wenyewe hawajaondoka nayo.

Kisha wapande safu mbili, moja ukuta wa kaskazini na nyingine ukuta wa kusini, wabandike karatasi darasani, na kila wiki waandike ni safu ipi iliyo kivulini saa sita mchana na ni ipi iliyochanua.