Hofu Isiyo na Tarehe: Mkimbizi na Nchi Zake Mbili

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sayansi ya ubongo imethibitisha hekima hiyo, na historia ya Mto Ruvuma inatupatia mfano wake.

Mto huo, unaoingia baharini kusini ya mji wa Mtwara, ni mpaka baina ya Tanzania na Msumbiji. Kwa Wamakonde, wakaao kandokando zake zote mbili, umekuwa pia njia ya kukimbilia. Wakati wa ukoloni wa Kireno watu waliuvuka ili kukwepa kodi na kazi za shuruti. Tarehe 16 Juni, 1960, watu waliokusanyika Mueda walipigwa risasi. Vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964, maelfu walivuka, na baadhi yao walipewa makazi Rutamba, Lindi. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, 1975. Wengi walirudi kwao, wengine wakabaki.

Waliobaki walikuwa na sababu kadha wa kadha, kama vile ndoa na mashamba. Lakini hapana budi tuitazame pia kazi ya ubongo.

Mtu anapokuwa hatarini, tezi zilizo juu ya mafigo humimina homoni ya adrenalini, na moyo huenda mbio. Sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hunasa dalili za hatari: mlio, harufu, sare ya askari. Sehemu nyingine, hipokampasi, huliweka tukio katika mahali na wakati wake. Hofu ikizidi mno, mpango huo waweza kuvurugika, na dalili zikabaki kana kwamba hazina tarehe. Hapo mlango ukibamizwa, mwili hujibu kama kwamba bunduki imelia sasa hivi. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliitambua rasmi hali hiyo, inapodumu, kuwa ni maradhi.

Kwa hiyo mkimbizi aweza kuwa na nchi ya asili iliyogawanyika: ile ya utoto, anayoitamani, na ile ya milio ya risasi, anayoiogopa. Nchi iliyompokea huishukuru. Hata hivyo, akidaiwa karatasi na mtu mwenye sare, hofu ya zamani huamka. Huo si unafiki wala utovu wa shukrani.

Jambo hili halijapita. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Palma ilivamiwa Machi 2021. Watu wakaukimbilia tena Ruvuma. Maelfu walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, nacho kilishambuliwa Oktoba 2020. Hivyo mwenyeji naye ana hofu yake, na hofu hiyo yaweza kumfanya amshuku mgeni ambaye naye amekimbia hatari ile ile.

Mwalimu afanye nini basi? Si kila aliyepatwa na maafa huugua; wengi hupona wakipata usalama na jamaa wa kuwategemea. Mwanafunzi anayeshtuka ovyo asichekwe, wala asilazimishwe kusimulia yaliyompata. Ratiba isiyobadilika-badilika na sauti ya upole huufundisha ubongo, siku baada ya siku, kuutambua ung'ongo kuwa ni ung'ongo tu. Dalili zisipokoma, apelekwe kwa mganga hospitalini.