Alizeti Mwitu: Jina, Uchungu na Rutuba Katika Eneo la Migori

Wahenga walisema kwamba penye miti hakuna wajenzi. Methali hii humjia akilini msafiri atokaye Rongo kuelekea Awendo na mji wa Migori, au apitaye vijia vya Ndhiwa na Rangwe katika Homa Bay. Kandokando ya barabara, kwenye mipaka ya mashamba na kingo za vijito, husimama mmea mrefu wenye maua ya manjano mithili ya alizeti. Hatua chache kutoka hapo, si ajabu kukuta mahindi yaliyodumaa kwa uhaba wa rutuba. Makala haya yanafafanua mmea huo, majina yake na sababu ya kuutazama upya.

Wataalamu wa mimea huuita Tithonia diversifolia. Sehemu ya pili ya jina hilo ni ya Kilatini, nayo hurejelea majani ya namna mbalimbali: jani moja huweza kugawanyika mara tatu au tano, ilhali jingine katika mmea uo huo halikugawanyika kabisa. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika kama pambo la bustani, kisha ukatoka bustanini na kujiotea wenyewe. Hufikia kimo cha mita 2 hadi 3. Kama ilivyo katika jamii nzima ya alizeti, kinachoonekana kuwa ua moja ni mkusanyiko wa maua mengi madogo. Yale ya pembezoni huwavutia wadudu bila kuzaa; ya katikati ndiyo yanayotoa mbegu.

Majina ya mmea huu yana mafunzo kwa mwanafunzi wa lugha. Kiswahili huuita alizeti mwitu. Nomino "alizeti" inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mafuta, nalo neno "mwitu" huutenga mmea huu na ile alizeti inayopandwa na kuvunwa. Kwa hiyo jina la Kiswahili lilianzia machoni. Wasemaji wa Dholuo walianzia ulimini: wao huuita maua makech, yaani maua machungu, au akech kwa ufupi. Miongoni mwa Waluhya, kaskazini zaidi, jina maua amalulu lina maana iyo hiyo.

Uchungu huo una kazi. Mifugo wengi huyaepuka majani yake, na ndiyo sababu moja ya wakulima kuupanda mpakani. Hapa Kiswahili kinaupa mmea sifa pacha: ni ua la kutazamwa na ni ua wa kuzungushia boma.

Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa ICRAF pamoja na taasisi za KEFRI na iliyokuwa KARI waliuchunguza mmea huu huko Maseno na kwingineko magharibi mwa Kenya. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2000 na Bashir Jama na wenzake ilionyesha kwamba majani mabichi yakikaushwa huwa na takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4.1 ya potasiamu. Majani hayo yakifukiwa udongoni huoza upesi na kuulisha mmea uliopandwa. Kwa hesabu hiyo, tani 5 za majani makavu katika hekta moja huleta kilo 175 za naitrojeni na kilo 18 hivi za fosforasi.

Hata hivyo, sifa hizi zisipigiwe chuku. Kwanza, majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Ili kupata tani 5 kavu, mkulima hana budi kukata na kubeba uzito wa mara kadhaa zaidi. Pili, mmea huu si wa jamii ya kunde, na fosforasi yake haikuumbwa na jani. Ilichotwa katika udongo wa mpakani na kuhamishiwa shambani. Panapokosekana kabisa, sharti iletwe kutoka nje, na ndiyo maana watafiti waliyajaribu majani haya pamoja na mawe ya fosfati ya Minjingu, Tanzania. Tatu, mmea ambao huenea wenyewe unaweza kusonga mimea ya asili usipopunguzwa.

Sehemu kubwa ya maarifa haya imeandikwa kwa Kiingereza, huku mkulima wa Uriri akiujua mmea kwa uchungu wake tu. Pengo hilo ni la lugha kabla ya kuwa la kilimo. Wanaisimu wakikusanya majina kama maua makech pamoja na maelezo yake, na kuyaingiza katika kamusi na vijitabu vya Kiswahili, neno "mwitu" halitachukuliwa tena kuwa na maana ya kitu kisichofaa. Hapo penye miti patakuwa na wajenzi.