Je, Wajua? Umeoa, Nawe Hujui!

Je, wajua kwamba Texas unaweza kuwa mume wa mtu bila shehe, bila padri na bila hata soda ya wageni? Kubalianeni kuwa ni mke na mume, ishini pamoja humo humo Texas, jitambulisheni hivyo mbele za watu. Basi, kwisha! Sheria inawahesabu sawa na waliofunga harusi ya magari kumi.

Umesikia kwamba Marekani mkikaa miaka 7 mmeshaoana? Uongo mtupu! Hakuna jimbo hata moja lenye kanuni hiyo.

Ila Tanzania, hesabu ya miaka ipo. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hivi: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mke na mume, watadhaniwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hebu wahesabu majirani zako!

Majimbo ya Marekani yenye ndoa kama hiyo ya Texas ni machache, na yanazidi kupungua. Pennsylvania ilifunga mlango 2005, Alabama 2017, South Carolina 2019. Ila waliokwisha kuingia kabla ya hapo, wamo!

Lakini kiboko ni New Hampshire. Mkiishi kama mke na mume miaka 3 hadi mmoja wenu afariki, hapo ndipo sheria inawatambua kuwa mlikuwa mmeoana. Yaani unaolewa msibani!

Kuingia ni bure. Kutoka je? Talaka ya kimyakimya haipo, shoga yangu: ni mahakamani, kama wenye cheti.

Sasa shika kiti, tunaingia kwenye kodi. Tangu 1958 mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, imeshikilia neno moja: ndoa ikianzia katika jimbo linaloitambua, kwake ni ndoa, hata mkihamia jimbo lisiloitambua.

Je, wajua kwamba ukioa Desemba 31 saa tano usiku, kwa kodi umeoa mwaka mzima? Mke na mume wa Maryland, wote wenye mishahara, waliona ndoa inawaongezea kodi. Mwishoni mwa 1975 wakaenda kuachana Haiti, 1976 wakaoana tena, na mwaka huo huo haujaisha wakaachana upya, safari hii Jamhuri ya Dominika! Mahakama ya Kodi ikawagomea mwaka 1980.

Wengine, lakini, ndoa huwapunguzia. Kwa kodi ya 2024, asiye na mwenzi alikatiwa dola 14,600 za mapato yasiyotozwa. Wanandoa wanaojaza ritani moja, dola 29,200. Tamu, eh?

Tamu ina mwiba. Mkisaini ritani ya pamoja, kila mmoja anadaiwa deni lote, si nusu! Mwenzio akificha mapato, IRS inaweza kukubishia hodi wewe, hata baada ya talaka. Ukiwa kweli hukujua, kimbilia Fomu 8857 uombe msamaha.

Na ritani hiyo hiyo inaweza kuletwa mahakamani kama ushahidi kwamba mlikuwa mke na mume. Tarehe ya mwisho ikishapita, huwezi kuigeuza ikawa ya mmoja mmoja. Kwa hiyo wewe ndugu yangu uliyeko Houston, humo humo Texas, unayeishi kinyumba: angalia umeweka alama kwenye kisanduku gani kabla hujasaini!