Mshahara Mmoja, Watoto Watatu na Magunia Sita

Leo mbolea na viuatilifu tuviweke pembeni, tuongee hela ya nyumbani.

Mimi bwana shamba wenu hapa Lundo nina mke na watoto watatu, na kinachoingia kwa uhakika ni mshahara wangu tu. Mwaka ambao mtoto wetu wa kwanza alikuwa anajiandaa kuanza darasa la kwanza, nilivuna mpunga mwezi wa sita nikauza wote palepale shambani ili nimalizie bati. Januari ikafika. Ada shule ya msingi hakuna, sawa, lakini sare na madaftari vinataka hela. Ghala tupu, mchele dukani umepanda. Mke wangu hakusema kitu. Alitupikia uji siku nne, asubuhi na jioni. Nikaelewa.

Shida si udogo wa hela peke yake, ni kalenda. Mwenzetu wa milimani Mbinga anavuna kahawa katikati ya mwaka, wa korosho huku chini anauza kuelekea mwisho wa mwaka. Hela inakuja mara moja, watoto wanakula siku 365. Na mvua zetu ni msimu mmoja, hatuna vuli na masika kama wenzetu wa kaskazini. Ukikosea, unasubiri mwaka mzima.

Siku hizi kabla dalali hajafika tunakaa na mama watoto tunapiga hesabu. Tunakula mchele kama kilo moja kwa siku, yaani kilo 365 kwa mwaka. Mpunga ukikobolewa unabaki karibu theluthi mbili, kwa hiyo natenga magunia sita ya kilo 100. Hayo hayauzwi, hata aje nani. Kinachobaki ndio biashara. Ugali ni wa muhogo, na muhogo tunaung'oa kidogo kidogo kadiri tunavyohitaji, shamba ndilo ghala. Ila usiuache mno, unakuwa na nyuzi.

Halafu kuna kuku. Zamani nilikuwa nasema mke wangu hana kazi, na naona aibu kuandika hivyo. Ana kuku wa kienyeji kama ishirini. Kazi yangu ni kukumbuka chanjo ya kideri kila miezi mitatu, tone moja jichoni. Tulipopitisha muda mara moja, tulizika banda zima. Jogoo mmoja ananunua madaftari na sabuni bila kugusa mshahara. Sasa hapo mapato ni ya mtu mmoja kweli?

Juzi kijana mmoja aliniuliza, "Bwana shamba, nikitenga hayo magunia, pikipiki nitanunua lini?" Nikamwambia labda msimu ujao, labda ule wa baadaye. Hakufurahi. Ila kesho yake alinipigia kuuliza mpunga uliokauka vizuri unajulikanaje. Uume kwa jino: ukivunjika kwa mlio, weka ghalani. Ukibonyea, urudishe juani.