Rezista ya shilingi 50 na mwamba wa Likoni

Masika yakianza Likoni, antena iliyo juu ya paa huanza kukusanya umeme tuli kabla ngurumo haijasikika. Matone ya mvua huja na chaji yake na wingu nalo huongeza yake. Antena isiyo na njia ya kuushusha umeme huo huuweka kwenye kebo.

Kebo ya kawaida ya redio ina pikofaradi 100 hivi kwa mita. Mita 30 ni nanofaradi 3, na zikijaa volti 3,000 zinabeba milijuli 13.5. Mtu akigusa atashtuka tu, lakini tranzista inayopokea mawimbi huungua kwa sehemu ndogo sana ya nishati hiyo.

Dawa yake ni rezista ya megaomu 1 kati ya waya wa katikati na ganda la kebo. Haifiki shilingi 50, ilhali redio mpya ya chombo cha baharini ni elfu ishirini na zaidi. Hata mvua ikimwaga maikroampia 10, volti hazizidi 10. Je, haili nguvu ya kurusha? Redio ya wati 25 kwenye chaneli 16 hupoteza miliwati 1.25. Hakuna nahodha Kilindini atakayeisikia tofauti, mradi fundi akate miguu ya rezista iwe mifupi. Kituo cha FM cha wati 1,000 ni habari nyingine: volti zake hupanda hadi 316, na rezista moja ndogo haistahimili. Huko huunganishwa kadhaa kwa mfululizo.

Kabla ya kununua chochote, pima antena kwa mita ya omu. Antena nyingi za vyombo zina koili inayounganisha katikati na ganda. Mita ikisoma karibu na sifuri, kazi imeshafanywa kiwandani.

Pesa hasa hupotelea kwenye ethi, yaani chuma kinachoushusha umeme ardhini. Chuma cha mita 2.4 chenye unene wa milimita 16, kikizamishwa kwenye udongo mzito wenye maji wa omu-mita 50, kama wa mabonde ya Changamwe, hutoa omu 20. Kwenye matumbawe makavu ya Likoni au Kisauni, tukikadiria omu-mita 1,000, ni omu 404. Kwa umeme tuli tofauti hiyo si kitu: maikroampia 10 huzalisha milivolti 4. Kwa radi ya ampia 30,000, hata zile omu 20 ni volti 600,000. Kwa hiyo anayechimba mwamba wiki nzima kwa ajili ya umeme tuli anajichosha bure, na anayeitegemea rezista dhidi ya radi amejidanganya vibaya zaidi.

Wengi huchomoa kebo wingu likitanda, na wanafanya vizuri. Ila kebo iliyochomolewa, kama haina rezista, huendelea kujaa. Mvua ikikatika mtu huichomeka tena, na chaji yote huingia redioni wakati huohuo. Subiri ngurumo ziishe kabisa, kisha gusanisha ncha ya katikati na ganda kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, ndipo uchomeke.