Mlevi Tumemtengeneza Sisi

Hapa kwetu Singida mavuno yakiisha, pombe ya mtama haikosekani. Tukiitana kulima, malipo ni pombe. Mama anapika pombe apate hela ya madaftari. Kijana hana kazi mpaka mvua zije, basi anashinda kilabuni. Siku akishindwa kuamka tunamcheka, eti mlevi! Nani alimkaribisha? Ni sisi.

Serikali ilipiga marufuku viroba mwaka 2017. Gongo ilikatazwa zamani. Lakini kwenye kazi ya pamoja hatujabadilika. Hata togwa hatupiki.

Kanisani tunafundishwa kuwa ulevi ni dhambi. Sawa, lakini Yesu alikula na wenye dhambi, hakuwafungia mlango. Madaktari nao wanasema ni ugonjwa: mwili na ubongo vimeshazoea pombe. Aliyekunywa sana miaka mingi akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyopo, kupata kifafa, hata kufa.

Kwa hiyo tusimfungie ndani ili akome. Tumpeleke zahanati kwanza. Mganga aambiwe kweli: mgonjwa anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho alikunywa lini.